Bilauri

Recife, saa kumi na moja alfajiri.
Valdirene kang'oa unywele mmoja,
kautia katika bilauri
iliyokuwa ikilaza meno ya bandia ya mama yake,
Mungu amrehemu.

Haukuelea.
Ulijikunja, ukazama, ukatulia chini.

Kumbe kiu.
Miaka thelathini ya dawa na pasi,
ya Dona Lindaura wa saluni kusonya:
ngumu hizi, kaidi, hazina adabu.
Kumbe kiu tu.

Leo hachani kavu.
Maji kwanza, ndipo mafuta ya mbarika,
vidole kabla ya kitana,
ncha kabla ya shina, na asiwepo wa kumharakisha.

Juu ya sikio la kushoto
kipilipili kimechomoza,
palepale mama
alipokuwa akibana kibanio.