Mafuta Yanayozama

Mafuta yote niyajuayo mie huelea:
ya nazi juu ya mchuzi, ya taa juu ya dimbwi
la mvua, pale njia panda ya Ole.
Haya ya makonyo huzama.
Babangu, Shaame wa Faki, ndiye aliyenionyesha,
kwa bilauri ya maji, kiwandani, siku ya mshahara:
tone likateremka taratibu, rangi ya majani makavu,
likatua kitakoni kama mtu aliyefika kwao.
"Umeona?" akasema. "Zito. Lina adabu."

Msimu ukipamba, wakubwa walijua karafuu tu.
Karafuu ilipimwa kwa pishi, ikaanikwa majamvini,
ikakimbizwa ndani kila wingu likikunja uso,
ikaoza binti, ikaezeka nyumba.
Makonyo ni kile kinachobaki vidoleni.
Tulikesha tukichambua kwa taa ya chemni,
karafuu huku, makonyo kule,
na gunia la makonyo lilikuwa la mama, Bimize,
halikuguswa na mtu.

Baba aliyapika.
Si kupika kwa chungu. Pipa refu kama mnazi mchanga,
kuni za mkarafuu uliokufa, mvuke,
bomba likijipinda ndani ya birika la maji baridi,
na kule mwisho kabisa, tone.
Gunia zima, kisha tone, kisha tone.
Akirudi kwa baiskeli hatukuhitaji kengele:
harufu ilitangulia ikapiga hodi.

Mara moja aliyaleta ndani ya kikombe changu cha plastiki,
cha buluu, nilichopewa Idi.
Asubuhi kikombe kimelegea, kitako kimeliwa,
na meza ina doa hadi hii leo.
Hakuniomba radhi.
"Haya hayakai na cha bandia," alisema,
na mama akamjibu kutoka jikoni:
"Basi yanakaaje na mshahara wako?"

Tokea hapo yalikaa kichupani, cha dawa ya kikohozi,
juu ya kabati, nyuma ya Msahafu.
Bi Time mkunga alikuja na nazi yake iliyokwisha kukamuliwa,
akachanganya, akawakanda wazazi viuno siku arubaini.
"Mtoto mchanga hapana," alionya, "yatamwunguza."
Mama aliyapaka pembe za sanduku, nondo wakahama.
Na maalim wa chuoni, jino limemvimbisha shavu,
alitiwa pamba kwenye ncha ya njiti,
akarudi kutusomesha kwa ulimi uliokufa ganzi,
nasi tukajiuma mikono tusicheke.

Baba alikufa mwezi usio msimu.
Wakamwosha kwa majani ya mkunazi,
kisha maji ya kafuri, kisha kafuri yenyewe:
paji la uso, pua, viganja, magoti, vidole vya miguu.
Kafuri nayo hutoka kwenye mti usiopukutika,
lakini mti mgeni, wa mbali, haukumjua.
Omar Kombo akatoka akijifuta mikono,
akasema kwa nyuma ya pazia:
"Bimize, kafuri imeshindwa.
Mtu wako ananukia makonyo."
Mama akacheka. Wallahi alicheka,
halafu akatafuta pa kukaa.

Siku hizi huja wageni, wanataka vichupa vidogo vya utepe.
Wanauliza, yanafaa nini?
Nawatajia jino. Nawatajia kiuno, na nondo.
Silitaji lile langu:
usiku mwengine, meno yangu yote mazima,
huchovya njiti nikagusa ulimi,
nikangoja mpaka uwe ulimi wa mtu mwengine,
ndipo nimwite.
Jina hutoka limepinda, halina makali.

Kichupa kimebaki robo.
Jana nimetia tone kwenye bilauri,
mwanangu akainama kutazama.
"Mbona halielei?"
Nikafungua mdomo nimwambie alivyosema babu yake,
na bado nilikuwa na ganzi.