Kijiwe

Nilikwenda kwa ajili ya ubavu.
Ngazi iliteleza, nikaangukia ndoo ya simiti,
nikasema si kitu. Syombua akanikumbusha
kwa shujaa huenda nini.
Ubavu mzima. Ila juu yake, pafu la kulia,
picha ilionyesha kitu kisicho na miadi.

Kinundu, akasema Daktari Nafula.
Milimita nane. Akakizungushia kalamu
kama mwalimu aliyeona kosa la hesabu.
Punje ya ndengu, basi.
Ndengu nimekula tangu nitoke Mwingi,
najua jiwe linavyojificha humo.

Umevuta sigara?
Miaka kumi na mmoja, nikaacha bei ilipopanda.
Kifua kikuu?
Tisini na tatu. Sindano sitini,
makalio yangu yanakumbuka zote.
Kazi?

Njiru, daktari. Machimboni.
Miaka ishirini na miwili nachonga mawe,
vumbi hadi kwenye nyusi,
tukichekana kwamba tumeota mvi
kabla ya chai ya saa nne.
Hata ukuta huu, ukiubandua rangi,
huenda ukanikuta.

Akanieleza polepole. Huenda ni kovu
la ule ugonjwa wa zamani, limekauka, halina neno.
Huenda ni vumbi lililojenga.
Huenda ni kuvu, hutoka hata kwenye kinyesi cha njiwa
(nina njiwa kumi na wanne juu ya paa, Umoja,
sikuwataja).
Huenda ni kinyama tu, kimeota, hakina nia mbaya.
Huenda
na hapo kalamu ikamwanguka,
akainama kuiokota
kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

Miezi mitatu, akasema. Tutapiga picha nyingine.
Kikikua, tutakidunga sindano tujue.
Kikitulia, tutaendelea kukitazama.

Vijana wa mtaa wetu wana kijiwe chao nyuma ya kinyozi.
Hukaa pale tangu asubuhi,
huwezi kujua nani anangoja kazi
na nani anangoja giza.
Unawapita, unawasalimia.
Sasa na mimi nina changu, ndani,
na sijui nikisalimie vipi.

Usiku Syombua anachambua ndengu kwenye ungo.
Anaokota jiwe, anataka kulitupa dirishani.
Nipe, namwambia.
Natoa futi yangu ya kazi, nalipima mara mbili.
Saba na nusu.
Ananitazama, haulizi,
anarudi kwenye ungo wake.
Nalitia kwenye kopo la misumari
hadi Novemba.