Fundi wa Funguo

Saa nane na robo usiku, maabara, Kisumu.
Jokofu linaguna kama mtu aliyeamshwa bure.
Nafunua kisahani cha mtoto wa Dorsila,
yule wa Nyalenda, miaka miwili, homa siku ya sita.
Jana nilipanga juu yake vikaratasi sita,
kila kimoja na dawa yake.

Kwa kawaida dawa hujifagilia ua,
duara safi, asimee mtu.
Leo nyua tano hazipo.
Bakteria wameota hadi ukingoni,
wameegemea dawa kama ukuta wa kibanda.

Mwezi jana hawahawa walikufa. Nina daftari.

Basi si habari ya mzazi na mwana.
Tumboni alipita mgeni wa ukoo mwingine,
labda na maji ya Auji,
labda kwenye kikombe, sijui.
Akanyoosha unywele, akamshika mwenyeji,
akamvuta ubavuni.
Hapakuwa na mshenga, hapakuwa na ng'ombe.
Pete tu:
pete ya DNA, nyuzi mbili zilizosokotana.
Akaukata uzi mmoja, akausukuma ng'ambo polepole,
na kila mmoja akajisokotea uliokosekana.
Wakaachana.
Wote wawili na pete.

Baba yangu Rabuor alichonga funguo Kibuye,
chini ya mwavuli uliopauka.
Ufunguo wako uliingia kwenye jiriwa peke yake
ukatoka na pacha,
na wako ukarudi mfukoni, haukupungua jino.
Lakini baba aliuliza: nyumba ni yako?
Mara mbili nilimwona akifukuza mtu,
na siku hizo tulilala na uji.

Huyu haulizi.
Kutoa ni moyo, tulifunzwa.
Huyu hana moyo, na ametoa,
na atatoa tena kabla sijamaliza mstari huu,
na aliyepewa atatoa.

Dorsila alinunua vidonge vinne kioskini,
nusu ya dozi, kwa pesa iliyokuwepo.
Sitamlaumu. Vilimaliza wanyonge,
vikawaachia uwanja wenye pete.

Napiga simu wodini.
"Sista Apondi, badilisheni. Imebaki moja."
"Ile ya kabatini?"
"Ile."
Kimya. Kisha nasikia akipapasa mfukoni,
chuma kikigonga chuma.

Nanawa tena, hadi viwikoni.
Maji yanazunguka sinki, duara, duara,
yanashuka kwenda kunako wengine.