Pumzi ya Mawe

Kikopo cheusi, kidogo kama kizibo,
nilikiacha juu ya kabati la Mama Ndetaulwa, Tengeru,
nyumba ya mawe aliyoyachonga mumewe.
"Kinasikiliza nini?"
"Pumzi ya mawe."
"Yangu hayakoromi," akacheka.

Mvua zikakatika. Maabarani
nikahesabu makovu kwenye plastiki,
kila kovu chembe iliyopita bila hodi.
Kompyuta ilikisia mia na kumi.
Makovu yakasema: karibu mara tatu.

Nikakagua mlinganyo usiku kucha. Hesabu sawa.
Ila nilikuwa nimemwandikia dirisha wazi,
na lile la chumbani
halijafunguliwa tangu mzee atolewe humo
amefunikwa shuka.

Nilirudi. Namba hakuitaka.
Alikwenda mwenyewe, taratibu,
akavua kandambili,
akaanza kuligonga komeo lenye kutu.