Saa Kumi na Mbili

Kwanza fungua chemba. Tazama. Tia kidole.
Tupu. Tazama tena, maana jicho
ni shahidi mvivu.
Ndivyo alivyonifunza Lorne Fehr
katika karakana nyuma ya ghala la ngano, Swift Current,
ambako upepo haujui kubisha hodi.

Mimi Mhando, fundi cherehani wa Korogwe.
Hesi naijua. Hesi haina kabila:
ukiianza kombo inajitafuna,
ukiianza kwa subira inakukaribisha ndani.

Bunduki ya marisau ilikuwa ya Bi Verna Toews,
miaka sabini na mmoja, bega limeshonwa mara mbili,
na habari ya kuacha hataki kuisikia.
"Inanipiga teke kama ndama," alisema,
"na ndama nawajua."
Akatoa breki ya mdomo kutoka ndani ya soksi:
kichuma kama filimbi, matundu upande mmoja tu,
moshi upenyee humo, mtutu utulie,
bega lidaiwe nusu.

Nikabana mtutu kwenye jiliwa, ngozi kati ya meno yake.
Nikapiga hesi mswaki. Nikazungusha kwa vidole
hadi ikagoma, robo nzima imepita
pale nilipoitaka.
Nikatia wosha, nyembamba kama ganda la kitunguu.
Nikatia ya pili.
Nikapitisha ufito kutoka chemba hadi mdomo;
ukigusa ukuta, rudi mwanzo.
Haukugusa.
Tone la gundi. Spana. Kaza.

"Matundu yatazame kumi na mbili," Lorne alikuwa amesema,
mlango nusu wazi, akifuata kahawa.

Sasa nisikilizeni. Asubuhi ile mama alikuwa amepiga simu.
"Kesho unipigie saa kumi na mbili,
nikishafungia kuku."
Saa kumi na mbili: giza linanusa mlangoni,
mshale mfupi unaitazama ardhi.
Miaka tisa naigeuza saa kichwani kama shati,
kwa basi, kwa zamu, kwa daktari wa meno,
na siku ile nikalivaa nje ndani.

Matundu yakatazama chini.
Sawasawa kabisa. Pimamaji haikuwa na neno.

Jumamosi, uwanjani, Bi Verna akaita.
Njiwa wa udongo akaruka.
Mlio,
na theluji ikafumuka miguuni pake kama gunia la unga lililopasuka,
mtutu ukainuka kukagua mawingu,
njiwa akaenda zake mzima.
Bi Verna, kope nyeupe, akatoa ganda,
akahakikisha chemba tupu, kisha akachungulia mdomo.
"Nani," akauliza polepole,
"ameivisha bunduki yangu kofia miguuni?"

Nilitamani jiliwa linibane mimi.
Nikamchorea Lorne saa mbili juu ya boksi la kadibodi,
yake na ya kwetu, mshale mmoja,
majina mawili.
Akatazama muda mrefu.
"Kwa hiyo mchana kwenu unaanzia moja."
"Ndiyo. Jua likitoka tunaanza kuhesabu."
"Hiyo ina akili," akasema, akawasha moto,
kwa kuwa gundi haisikii maneno.

Tukafungua. Wosha zilezile, na moja zaidi,
nusu mzunguko wa aibu.
Lorne hakusema saa. Aliinua kidole kuelekea paa,
na mimi nikainua changu,
watu wazima wawili
wakiionyesha bomba la moshi.

Bi Verna hakulipishwa. Alilipa hata hivyo,
chupa ya jamu nyekundu, chachu,
na Jumamosi iliyofuata alivunja njiwa kumi na tisa.
Wa ishirini alimkosa mwenyewe.

Ile simu ya mama niliichelewesha.
Kuku, alisema, wamelala zamani.