Jaribio la Arobaini na Moja

Saa nne usiku, Februari, uwanja wa shabaha huko Bavaria.
Walburga anapulizia vidole vyake. Mimi nimeshika saa na daftari.
Kapteni Reindl, aliyetumwa na wizara,
anauliza mara ya tatu kama kijani kitakuwa kijani.

Hicho tu ndicho anachotaka: kionekane kilomita tatu,
sekunde sita, kisipauke.
Zamani tulikipata kwa bariamu
na chumvi ya kuupa moto pumzi,
chumvi isiyo rangi wala harufu,
iliyoteremka na mvua miaka thelathini,
mchangani, kwenye changarawe,
bila kubisha hodi,
hadi kisima cha mzee Korbinian, nyuma ya zizi.

Kiangazi nilikwenda kuchota sampuli.
Mkewe akanimiminia kahawa. Nikaitazama.
Akacheka: "Kunywa, ni maji ya chupa."
Kisha akafungua skafu, akanionyesha kovu la tezi,
jembamba, kama mstari wa mwalimu
chini ya neno lililokosewa.

Mchanganyiko wa kwanza ulitoka manjano.
Wa tisa ulizimika ukikoroma.
Wa ishirini na mbili uliniunguza nyusi;
Walburga akanichorea nyingine kwa penseli,
mama asije akauliza.

Sasa huu.
Fyuu!
Kijani. Loo, kijani hasa,
kimening'inia juu ya misonobari,
na sungura amesimama kwenye theluji ya kijani,
hajui akimbilie wapi.
Sita. Saba. Nane.
Kapteni anapiga makofi, glavu zake zinalia
kama mito ya kulalia inayokung'utwa.

Na mimi, kalamu mkononi, nikakumbuka kazi ya mwanga huu:
kumwambia mtu aliyejificha gizani, sasa, piga.
Maji ya kisima yatapona.
Na yule anayepigwa?

Nilimuuliza Walburga. Alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Hakugeuka.
"Vita sikuvianzisha, wala siwezi kuvizima.
Kisima nakiweza."

Moto huzaa majivu, walinena wahenga,
wasiseme majivu nayo huzaa nini.
Asubuhi niliyazoa ya kwetu, kijiko na nusu, meupe,
nikayatia chupani, nikabandika tarehe.
Penye *sumu* nikaandika: haikuonekana.
Chini yake palikuwa na nafasi ya maoni,
mistari minne.
Niliiacha wazi.