Mtungi wa Somoe

Boma letu Newala halikuwa na jiwe.
Lilikuwa kichaka cha miiba, kinene
kadiri mbweko wa mbwa unavyofika,
na njia moja tuliyoipinda wenyewe,
hata mkwe alikuja kwa kushikwa mkono.

Ila maji yalikuwa bondeni.
Adui hakukata mti hata mmoja;
alikaa kisimani, akinoa mikuki.

Siku ya nne akashuka Somoe.
Wakamwacha achote. Wakacheka:
mtungi unavuja, matone yatatuonyesha mlango.

Tundu alilitoboa mwenyewe, dogo kama punje ya mtama.
Matone yakapinda kushoto, kwenye mashimo.

Alifika kwetu na mtungi mkavu.
Watoto walilia kiu, tukawaziba midomo
mpaka kule mashimoni kuliponyamaza.